Koitalel arap Samoei na Kesi Ambayo Haikusikizwa



Natumai funga yako inaendelea vyema, na kwamba makala haya yamekukuta ukiwa mzima, pengine umeketi nje baada ya Swala ya Alasiri huku harufu ya sambusa ikitoka jikoni. Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya Maswahaba, makadhi na wanavyuoni wa zamani. Leo naomba uniwie radhi, manake sitakupeleka Madina wala Baghdad. Nitakusimulia maisha ya mtu wa hapa hapa kwetu, ambaye jina lake tulilisoma shule ya msingi, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, halafu basi, likaishia hapo. Mtu huyo ni Koitalel arap Samoei.

Utaniuliza, kwa nini yeye? Nimemchagua kwa sababu ya swali moja ambalo bila shaka nawe umeshawahi kujiuliza. Je, sheria humshika mkubwa kama inavyomshika mdogo?

Sisi tuliokulia huku Kericho na Bomet, kwenye mashamba ya majani chai, swali hili tunalisikia kila siku, kwenye matatu, sokoni na hata nje ya msikiti. Kijana akishikwa na kuku wa jirani, upesi upesi ameshasomewa mashtaka, hana wakili, hana pesa ya dhamana, na mama yake analia nje ya korti. Mkubwa akitajwa katika mamilioni yaliyopotea, kesi inaahirishwa mara hii, inaahirishwa mara ile, na siku ya kufika kizimbani ndiyo siku anayougua. Watu wanacheka, lakini kicheko chenyewe kina uchungu ndani yake.

Kwenye madrasa tulifundishwa kisa cha mwanamke wa ukoo wa Makhzum, ukoo mkubwa katika Makureshi, aliyepatikana na wizi. Jamaa zake waliona ni aibu mtu wa nyumba yao kuadhibiwa, wakamtuma Usama bin Zaid, kijana aliyependwa sana na Mtume (S.A.W.), akamwombee. Mtume alikasirika. Akasimama mbele ya watu akawaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa jambo hili hili la kumwacha mwenye jaha akiiba na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata angekuwa binti yake mwenyewe Fatima, sheria ingepita. Tulikikariri kisa hiki tukiwa wadogo. Ila mimi niliposoma vizuri historia ya milima yetu ndipo nilipoona ni nini hasa hutokea pale watu wanapofanya kinyume chake. Basi kaa vizuri, nikusimulie.

ALIKUWA NANI?

Kama wewe ni mgeni huku kwetu, jua kwamba kaskazini mwa Kericho, ng'ambo ya bonde la mto Nyando, ipo milima ya Nandi. Huko nako siku hizi ni majani chai matupu kama huku. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu, lugha zao zinasikilizana, na hadithi ya mmoja huwezi kuimaliza bila kumtaja mwenzake. Lishike hilo, manake tutarudi Kericho mbele.

Koitalel alizaliwa yapata mwaka 1860 katika ukoo wa Talai. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot wa Wanandi. Orkoiyot hakuwa mfalme. Hakuwa na askari wake wala hakukusanya kodi. Alikuwa mtu wa kuombwa shauri. Vijana hawakwenda vitani kabla ya kumwuliza, na watu waliamini kwamba anaona yajayo. Hayo mambo ya uaguzi sisi Waislamu tuna msimamo wetu juu yake, na Koitalel hakuwa Mwislamu. Lakini usiifunge gazeti kwa sababu hiyo. Waliosoma tafsiri ya Surat An-Nisaa wanajua kwamba kuanzia aya ya 105 zimeteremka aya kwa ajili ya Myahudi aliyesingiziwa wizi na watu waliotaka kumlinda jamaa yao. Haki haiulizi dini kwanza.

Wanandi wanasimulia kwamba Kimnyole alitabiri kuja kwa wageni weupe, na kuja kwa nyoka wa chuma atakayetoka ziwa la mashariki akitema moto na moshi, akinywa maji katika ziwa la magharibi. Halafu mikosi ikawaandama watu wake. Ng'ombe walikufa, njaa ikaingia, na vita alivyovibariki vikaenda vibaya. Wakamtupia yeye lawama, na mwaka 1890 Wanandi wenyewe wakamwua kwa marungu.

Naomba uliweke hilo akilini, msomaji. Sikuandika makala haya ili nikuambie kwamba Mzungu peke yake ndiye aliyeua bila kuhukumu kwa haki. Mtu alilaumiwa kwa ukame na maradhi ya mifugo, akauawa na watu wake, kisha wakaja kujuta. Tutarudi hapo pia.

Baada ya kifo chake wana wawili waligombea nafasi yake, Kipchomber arap Koilegen na mdogo wake Koitalel. Walivutana kwa miaka kadhaa. Mwaka 1895 Koitalel akashinda, na Kipchomber akakimbilia kwa Wakipsigis, huku kwetu Kericho, akawa Orkoiyot wao wa kwanza. Kwa hivyo ukoo wa Talai ukawa na matawi mawili, moja Nandi na jingine Kericho.

RELI NA MIAKA KUMI YA VITA

Mwaka huo huo wa 1895 ndipo Waingereza walipoichukua nchi hii kuwa himaya yao, na njia ya kwenda Uganda ilipita karibu kabisa na Wanandi. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyeitwa West aliuawa na Wanandi mwaka huo. Jeshi likatumwa kuwaadhibu. Likaja tena mwaka 1897, tena 1900, tena 1903, na mwisho 1905. Misafara mitano ya vita katika miaka kumi! Hebu fikiria, watu wenye mikuki na ngao dhidi ya bunduki za Maxim, na bado hawakushindwa upesi.

Tuseme ukweli wote. Wanandi walivamia misafara. Walikata nyaya za simu wakatengenezea mapambo, wakang'oa misumari na vyuma vya reli wakafulia silaha. Watu walikufa. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901, lakini serikali haikuwa na usingizi kwa sababu ya Wanandi. Kwa Waingereza, mtu aliyekuwa nyuma ya yote hayo ni Koitalel.

Sasa ukimtuhumu mtu kwa mauaji na wizi, unafanya nini? Unamkamata, unamfikisha mbele ya hakimu, unaleta mashahidi, na yeye anajitetea. Waingereza walikuwa wamekuja na mahakama zao, na walikuwa wakijisifu kwamba sheria yao haimwangalii mtu usoni. Kama walikuwa na ushahidi, wangemshtaki. Hawakumshtaki.

Walichokifanya ni hiki. Afisa mmoja wa jeshi la King's African Rifles, Richard Meinertzhagen, kijana wa miaka 27 kutoka familia tajiri ya wenye benki mjini London, aliona kwamba Koitalel akiondoka, vita vitakwisha. Akapeleka ujumbe wakutane wazungumze juu ya kusimamisha vita. Makubaliano yalikuwa kila upande uje na watu wachache. Afisa huyo akaja na kikosi cha askari karibu themanini.

Ilikuwa tarehe 19 Oktoba 1905, asubuhi, katika kilima cha Ket Parak, pale Nandi Hills. Wanandi husimulia kwamba Koitalel alikuja na majani mkononi, ambayo kwa Wakalenjin ni alama ya amani, akanyoosha mkono wamsalimie. Akapigwa risasi papo hapo. Wenzake zaidi ya ishirini nao wakauawa. Meinertzhagen yeye alidai kwamba alikuwa ametegewa, kwamba Wanandi ndio walioanza, na kwamba alijikinga tu.

Akachukua fimbo za uongozi za marehemu akaenda nazo kwao. Familia ya Koitalel inaamini kwamba hata kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiomba kirudishwe wakizike.

Mara tu baada ya hapo jeshi likaingia Nandi. Mamia ya watu waliuawa, ng'ombe maelfu wakachukuliwa, nyumba na mavuno vikachomwa. Wanandi wa upande wa kusini wakahamishwa kwa nguvu kutoka ardhi yao. Na mwaka huo huo wa 1905, mwezi wa Juni, msafara mwingine wa kuadhibu ulikuwa umeshapita Sotik, ambayo leo iko katika kaunti ya Bomet, kwa sababu Wakipsigis wa huko walikuwa wamewavamia Wamaasai na kuchukua mifugo. Idadi inayotajwa ya waliouawa Sotik ni watu 1,850. Leo ukipita pale kwa matatu unaona chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Hakuna atakayekuambia.

MABARAZA MATATU

Sasa tufike kwenye swali letu.

Habari ya Ket Parak haikunyamaziwa. Hata miongoni mwa Wazungu wenyewe walikuwepo waliosema waziwazi kwamba mtu aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akauawa. Kwa hivyo Meinertzhagen alichunguzwa. Tena si mara moja, ni mara tatu! Yaliundwa mabaraza matatu ya kijeshi ya uchunguzi, moja baada ya jingine. Na yote matatu yalimwona hana hatia.

Ukiyasikia haraka haraka utasema, si ndiyo haki hiyo? Mtu amechunguzwa mara tatu. Lakini tazama vizuri waliokaa pale mezani. Walikuwa maafisa wa jeshi lile lile ambalo yeye ni afisa wake, na vita vile vile walikuwa wakivipigana wao. Wazee wetu walikwisha kutuonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere. Haikuwa kesi ya mauaji. Hapakuwa na mshtakiwa kizimbani wala kiongozi wa mashtaka wa kuuliza swali gumu kwa niaba ya aliyekufa. Hapakuwa na hakimu asiyehusika na upande wowote.

Na hata hivyo, wakubwa wa London hawakuridhika. Waliona jina la serikali limechafuka, wakataka aondolewe, na mwaka 1906 akaondoka nchini. Hebu pima adhabu hiyo. Kwa kumwua mtu mliyepatana kuzungumza, unapewa tiketi ya meli ya kurudi kwenu. Akaendelea na kazi yake ya jeshi, akapanda hadi kuwa kanali. Alikuwa katika ujasusi wa Waingereza vitani Palestina, na mwaka 1919 alikuwa katika ujumbe wao kwenye mkutano wa amani wa Paris. Akasifika pia kama mtaalamu wa ndege. Mwaka 1957 akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake za Kenya. Akafa kitandani mwaka 1967, akiwa na miaka 89.

Baada ya kufa ndipo watu walipoanza kumchunguza bila kumwogopa. Wataalamu wa makumbusho waligundua kwamba ndege wengi waliokaushwa aliojidai kuwakusanya mwenyewe alikuwa amewaiba katika mikusanyo ya wengine, akawabandika maelezo ya uongo. Waandishi wakaanza kuzitilia shaka hata hadithi zake za vitani. Mtu ambaye mabaraza matatu yalikubali maelezo yake kuhusu Ket Parak, leo wataalamu hawaamini hata alichokiandika kuhusu ndege.

UKOO ULIOHUKUMIWA BILA KESI

Hiyo ndiyo hesabu ya upande wa mkubwa. Mabaraza matatu, na bado akaenda zake. Sasa tuhesabu upande wa pili, upande wa jamaa za Koitalel, tuone wao walisikizwa mara ngapi.

Ndugu yake, yule Kipchomber aliyehamia Kericho, alitazamwa kwa jicho baya na serikali kwa sababu tu Wakipsigis walimsikiliza. Mwaka 1914 akatolewa Kericho pamoja na ndugu zake, akapelekwa mbali, upande wa Murang'a, uliokuwa ukiitwa Fort Hall. Akafia huko huko uhamishoni.

Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, naye alikuwa Orkoiyot wa Wanandi. Mwezi wa Oktoba 1923 Wanandi walikuwa wakijiandaa kwa sherehe yao kubwa ya kukabidhiana uongozi kati ya rika na rika, iitwayo Saget ab Eito. Serikali ikashuku kwamba nyuma ya sherehe kuna uasi. Sherehe ikapigwa marufuku, Barsirian akakamatwa pamoja na wazee wengine, wakapelekwa Meru. Unajua aliachiliwa lini? Mwaka 1964, Kenya ikiwa imeshapata uhuru, akitokea kisiwa cha Mfangano, ndani ya Ziwa Viktoria. Miaka zaidi ya arubaini! Nelson Mandela, ambaye dunia nzima inamjua, alikaa miaka 27. Mandela alifikishwa kortini, akasimama, akasema. Barsirian aliingia kizuizini akiwa mtu wa makamo, akatoka mzee, na hakuna mahakama iliyomhukumu. Alifariki mwaka 1974.

Kisha ikafika zamu ya ukoo mzima. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha hao iliowaita Malaiboni, na hao ni Talai wa Kericho. Karibu watu mia saba, wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, walitolewa katika nchi ya Wakipsigis wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali ambapo leo ni kaunti ya Homa Bay. Watu wa baridi na ukungu wakatupwa kwenye joto, malaria na mbung'o wanaoleta malale. Watu wengi walikufa, na mifugo ikafa. Waliobaki walirudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliporudi hawakukuta ardhi yao. Wengi wao wakaishia kubanana pembeni mwa mji wa Kericho, na wajukuu wao wako hapo.

Jiulize, msomaji, mtoto wa miezi sita alikuwa na kosa gani? Hakuna aliyeuliza. Sheria ilitaja ukoo, ikatosha. Ukizaliwa Talai, umeshahukumiwa.

Na ardhi je? Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ardhi kubwa ya Kericho ilitengewa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaingia mikononi mwa kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay. Hiyo kijani unayoipiga picha ukiwa safarini ina historia yake.

Sasa jumlisha. Mwenye bunduki alisikizwa mara tatu. Aliyeuawa hakusikizwa hata mara moja. Kaka yake hakusikizwa, mwanawe hakusikizwa, na watu mia saba wa ukoo wake hawakusikizwa. Hapa ndipo nilipopata jibu la swali langu. Tunapozungumzia upendeleo wa sheria tunafikiria hukumu tu, kwamba mkubwa aliachiliwa na mdogo akafungwa. Lakini upendeleo huanza mapema zaidi, mlangoni. Mkubwa huingia kwa mlango ambao ndani yake wamekaa marafiki zake. Mdogo hafunguliwi mlango kabisa, analetewa karatasi imeshapigwa muhuri.

MLANGO ULIOCHELEWA KUFUNGULIWA

Mwaka 2006 mwana wa Meinertzhagen alizirudisha fimbo za Koitalel kwa watu wake, baada ya miaka mia moja na mmoja. Pale Nandi Hills pana kaburi la heshima na makumbusho kwa jina lake. Mwaka 2019 Wakipsigis na Talai walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa umoja huo wakaiandikia Uingereza kueleza wasiwasi wao mkubwa. Mwaka 2022 wakafungua mashtaka dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023 alieleza huzuni na majuto juu ya yaliyotendwa wakati wa ukoloni, lakini hakutamka msamaha rasmi.

Wengine husema, mambo ya zamani hayo, yaacheni. Mimi nasema hivi. Wale wazee na akina mama waliotia sahihi malalamiko hayo hawakutaka kisasi. Walitaka kitu ambacho Meinertzhagen alikipata mara tatu bila kukitolea jasho, yaani mtu wa kukaa chini awasikilize.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, tujue haki zetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 27, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na Kifungu cha 50 kinampa kila mtuhumiwa haki ya kesi ya haki mbele ya mahakama isiyopendelea. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Ni kweli kwamba kilichoandikwa na kinachotendeka havilingani kila siku. Lakini Barsirian hakuwa hata na karatasi hiyo ya kuishika mkononi. Wewe unayo. Ndugu yako akikamatwa, usikimbilie kutafuta anayemjua mkubwa fulani. Uliza kwanza ameshtakiwa kwa kifungu gani, na lini atafikishwa kortini. Na korti zetu ziko wazi kwa umma. Vijana, siku moja nendeni mkakae nyuma mkasikilize. Hakimu na kiongozi wa mashtaka wakiona watu wametulia wanafuatilia, si sawa na chumba kitupu.

Pili, na hili ndilo linalonichoma zaidi. Nilikuomba ukumbuke kifo cha Kimnyole. Yeye alikuwa mkubwa kwa watu wake, na wakamwua kwa tuhuma. Koitalel alikuwa mkubwa kwa Wanandi, lakini mbele ya bunduki ya Maxim akawa mdogo. Kwa hivyo ukubwa hauna mwenyewe, leo unao wewe, kesho anao mwingine. Usalama pekee wa mkubwa na wa mdogo ni kuwa na mlango mmoja wanaoingilia wote. Anayeuvunja akiwa na nguvu, siku nguvu zikimtoka ataukuta haupo.

Tatu, tuanze nyumbani. Manake ni rahisi sana kulaumu Wazungu na wanasiasa. Tazama kamati zetu, vyama vyetu, hata familia zetu. Pesa za chama zikipotea, tukimshuku mtoto wa maskini tunamfukuza siku hiyo hiyo. Akishukiwa mtoto wa mfadhili, tunaunda kamati ndogo, kamati inaahirisha kikao, tunaambiana tusitiri aibu za watu. Mtaani mtu akiitiwa mwizi, mawe yanaokotwa kabla hajaulizwa jina. Si ndiyo tunavyofanya? Hapo sisi ndio tumekaa kwenye yale mabaraza matatu. Hapo sisi ndio tumetunga sheria ya mwaka 1934. Usama alikuwa mtu mwema, hakukusudia ubaya. Aliombea tu watu wanaojulikana. Wengi wetu dhulma tunaiingia kwa mlango huo huo wa wema, kwa kumsaidia mtu wetu.

Ramadhan inatufundisha kitu kimoja ambacho sidhani kuna mahakama inayoweza kukifundisha. Mwenye nyumba ya ghorofa na mchuma majani wa kambini wote wananyimwa maji kuanzia alfajiri ile ile, na wote wanafuturu kwa adhana moja. Hakuna anayepewa dakika tano za ziada kwa sababu ya cheo chake. Tukiweza kuishi hivyo siku 29 au 30, tunaweza pia kuketi hivyo siku ya kusikiliza shauri.

Basi, msomaji, siku utakapopita Kericho kuelekea Litein na Sotik hadi Bomet, au ukavuka kwenda Nandi Hills, ukaona kijani hiyo imelala hadi upeo wa macho, mkumbuke mtu aliyekuja na majani mkononi. Na ukiitwa wewe kuamua baina ya watu wawili, hata kama ni ugomvi wa watoto juu ya mpira, usimwangalie ni mtoto wa nani. Msikilize kwanza yule asiyekuwa na mtu.

Twamwomba Allah (S.W.) azikubali funga zetu, awape faraja waliodhulumiwa, na atuepushe na kuwa miongoni mwa madhalimu, wakubwa au wadogo. Amin.

Ramadhan Karim. Wabillahi Tawfiq.